Hesabu ya king'ora cha ambulensi inavyosaka mashua iliyopotea baharini

MASHUA ikizimikiwa na injini mashariki mwa Ngomeni, na mkondo wa bahari ukaanza kuitenga na pwani ya Kilifi, huenda uhai wa waliomo ukategemea hesabu ambayo kila msafiri wa barabara ya Mombasa-Malindi ameisikia kwa masikio yake, ijapokuwa hajawahi kuiandika kwenye karatasi.

Ni hesabu inayoeleza kwa nini king'ora cha ambulensi husikika kwa sauti nyembamba kinapokaribia, kisha sauti hiyo ikawa nzito ghafla mara tu gari linapopita. Wataalamu huiita athari ya Doppler.

Sehemu yake nyepesi haina taabu kueleweka. Ugumu huanza pale ambapo anayetoa sauti na anayeisikia wote wawili wamo mwendoni. Hapo ndipo wanafunzi wengi huchanganya alama za kujumlisha na kutoa. Hapo pia ndipo, katika mitambo ya kuokoa maisha, kuusahau mwendo wa mmoja wao kunaweza kuwapeleka waokoaji upande usiofaa wa bahari.

Christian Doppler, mwanahisabati na mwanafizikia wa Austria, alitangaza wazo lake mjini Prague mwaka 1842. Ajabu ni kwamba hakuwa akishughulikia sauti. Alitaka kueleza rangi za nyota pacha zinazozungukana, na kuhusu rangi hizo alikosea. Kanuni yenyewe ilikuwa sahihi. Mwaka 1845, Mholanzi Buys Ballot aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye gari moshi karibu na Utrecht, akawaweka wanamuziki wenye masikio makini kando ya reli. Wanamuziki hao walisikia sauti ikiwa juu zaidi gari lilipokaribia, na chini zaidi lilipokwenda zake.

Barabarani Vipingo

Chukua mfano wa ambulensi inayotoka Mombasa kuelekea Kilifi, ikipita katikati ya mashamba ya mkonge ya Vipingo kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kwa sekunde. Kutoka upande wa Kilifi inakuja matatu kwa kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. King'ora kinatoa mawimbi 660 kila sekunde. Idadi hiyo ya mawimbi kwa sekunde ndiyo huitwa masafa, na kipimo chake ni hezi. Ving'ora halisi hupanda na kushuka, lakini kwa ajili ya hesabu na tukichukulie hiki kuwa kimeshikilia sauti moja. Katika joto la Pwani la nyuzi 30 hivi, sauti husafiri hewani kwa takriban mita 350 kwa sekunde.

Lau ambulensi ingekuwa imeegeshwa, mawimbi 660 ya sekunde moja yangetandazwa hewani katika umbali wa mita 350, kila wimbi likichukua sentimita 53. Lakini ambulensi haikuegeshwa. Wimbi la kwanza linapofika mita 350 mbele, gari lenyewe tayari limesogea mita 25 likilifuata. Kwa hivyo mawimbi yale yale 660 yamebanwa katika mita 325, na kila moja limefupika hadi sentimita 49 na kitu. Kazi ya chanzo cha sauti imeishia hapo: kimebana mawimbi hewani.

Sasa tumgeukie abiria wa matatu. Yeye hawezi kuyafupisha wala kuyarefusha mawimbi ambayo tayari yamo hewani. Anachofanya ni kuyaendea. Mawimbi yanakuja kwa mita 350 kwa sekunde, naye anakwenda kuyapokea kwa mita 20, hivyo yanampita kwa mita 370 kila sekunde. Ukigawanya mita 370 kwa urefu wa wimbi moja lililokwisha banwa, unapata mawimbi 751 kwa sekunde.

Kanuni nzima, basi, ni hii: masafa yanayosikika ni sawa na masafa ya king'ora, mara (kasi ya sauti + kasi ya msikilizaji), gawanya kwa (kasi ya sauti − kasi ya chanzo). Kwa mfano wetu ni 660 × 370 ÷ 325.

Alama hizo ni za wakati wawili hao wanapokaribiana. Baada ya kupishana, kila kitu hugeuka. Ambulensi sasa inayaacha mawimbi nyuma yake, hivyo yanarefuka, na abiria anayakimbia. Hesabu inakuwa 660 × 330 ÷ 375, ambayo ni hezi 581. Katika muda wa kupepesa macho, sauti imeporomoka kutoka 751 hadi 581, na hata asiyejua muziki husikia anguko hilo.

Njia salama ya kuepuka kosa ni kuacha kukariri alama. Mwenye kupiga hesabu ajiulize swali moja kwa kila mwendo, peke yake: je, mwendo huu unawakaribisha wawili hawa au unawatenganisha? Unaokaribisha lazima uongeze masafa. Unaotenganisha lazima uyapunguze. Juu ya mstari, kuongeza ni kujumlisha. Chini ya mstari, kuongeza jibu ni kutoa.

Hewa kama shahidi

Mtego uko mahali pengine. Mtu anaweza kusema kwamba kwa kuwa magari hayo yanakaribiana kwa mita 45 kwa sekunde, hakuna haja ya kuhesabu mwendo wa kila moja. Inatosha kuchukua kasi hiyo moja ya kukaribiana. Hebu na ajaribu.

Akimpa ambulensi mita zote 45 na kulisimamisha matatu, atapata 660 × 350 ÷ 305, yaani hezi 757. Akilipa matatu mita zote 45 na kuisimamisha ambulensi, atapata 660 × 395 ÷ 350, yaani hezi 745. Jibu la kweli ni 751. Kasi ya kukaribiana ni ile ile katika hali zote tatu, lakini sauti ni tatu tofauti.

Sababu ni kwamba katika kisa hiki kuna mhusika wa tatu ambaye hatajwi: hewa. Ambulensi inasogea katika hewa, na matatu linasogea katika hewa, na hewa ndiyo inayoamua nani kafanya nini. Tofauti hiyo hudhihirika zaidi kasi zikikuzwa. Msikilizaji anayeiendea sauti kwa kasi ya sauti yenyewe atasikia masafa yaliyoongezeka maradufu, basi. Lakini chanzo kinachokwenda kwa kasi ya sauti hurundika mawimbi yote mahali pamoja mbele yake, na kanuni inajikuta ikigawanya kwa sifuri. Ndipo hutokea ule mshindo unaosikika ndege inapokwenda kasi kuliko sauti.

Wakazi wa Pwani wanaweza kuuliza: na upepo je? Swali ni la haki, maana kusi ikikolea kati ya Aprili na Oktoba, hewa yenyewe inasafiri. Tuseme kusi inavuma kwa mita 10 kwa sekunde kufuata barabara kuelekea kaskazini. Kwa kuwa kasi zote lazima zipimwe dhidi ya hewa, ambulensi inayokwenda na upepo inahesabiwa mita 15, na matatu linalokwenda dhidi yake linahesabiwa mita 30. Jibu linashuka kidogo, kutoka 751 hadi 749.

Hata hivyo, upepo peke yake haubadilishi chochote. Ambulensi na matatu yakiwa yameegeshwa, hata kusi ivume namna gani, abiria atasikia hezi zile zile 660. Kile ambacho upepo unakitoa kwa upande mmoja wa hesabu, unakirudisha kwa upande wa pili. Wale wanaosema upepo "huipandisha" sauti wanachanganya unene wa sauti na ukubwa wake.

Kuna hali nyingine inayokutwa kila siku barabarani: ambulensi inayotoka nyuma na kulipita matatu linaloelekea upande huo huo. Ambulensi inakwenda mita 25, matatu mita 20. Chanzo kinamkaribia msikilizaji, kwa hivyo kinabana mawimbi. Lakini msikilizaji anayakimbia mawimbi hayo. Hesabu ni 660 × 330 ÷ 325, yaani hezi 670. Baada ya kupitwa, abiria anaifuata ambulensi inayomkimbia, na hesabu ni 660 × 370 ÷ 375, yaani 651. Mabadiliko ni madogo kwa sababu miendo miwili inakaribia kufutana. Mfano huu wa kupitana ni muhimu, kwa kuwa ndio hasa unaotokea kila siku katika anga ya Ngomeni.

Redio haiegemei hewa

Mawimbi ya redio na mwanga hayahitaji hewa wala kitu kingine cha kuyabeba. Tangu Albert Einstein alipochapisha nadharia yake mwaka 1905, imefahamika kwamba kwa mawimbi hayo hakuna shahidi wa kuamua nani anasogea na nani ametulia. Kinachohesabika ni kasi ya kukaribiana au kutengana tu, ikipimwa kwenye mstari unaounganisha mtoaji na mpokeaji. Yale majibu matatu ya Vipingo, kwa redio, yangekuwa jibu moja.

Kanuni nayo hurahisika: badiliko la masafa ni sawa na masafa yenyewe, mara kasi ya kukaribiana, gawanya kwa kasi ya mwanga, ambayo ni takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kanuni kamili ya Einstein ina nyongeza yake, lakini kwa kasi za setilaiti nyongeza hiyo haifiki hata hezi moja katika mawimbi ya hezi bilioni mbili.

Vifaa vya redio vya kupima kasi ya magari hutumia kanuni hii mara mbili kwa mpigo. Gari kwanza huwa msikilizaji anayeyaendea mawimbi ya askari, kisha, yanapodunda, hugeuka kuwa chanzo kinachosogea. Kwa hiyo badiliko huongezeka maradufu: matatu linalokwenda kilomita 80 kwa saa, likipimwa kwa mawimbi ya gigahezi 24, hurudisha badiliko la hezi 3,556.

Lakini urahisi huo wa kanuni una hila yake. Kasi ya kukaribiana lazima ijumuishe miendo yote, pamoja na ule ambao hakuna anayeuhisi.

Kituo kisichotulia

Ngomeni, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi, kina historia ndefu katika masuala ya anga. Kutoka kwenye majukwaa ya chuma yaliyosimamishwa baharini, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walirusha setilaiti ya San Marco 2 mnamo Aprili 26, 1967. Setilaiti 9 zilirushwa kutoka hapo hadi ile ya mwisho mnamo Machi 1988. Iliyovuma zaidi ni ya Desemba 12, 1970, Sikukuu ya Jamhuri, ambayo kwa sababu hiyo ilibatizwa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na mwanasayansi aliyeiongoza, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Roketi hazirushwi tena, lakini madishi ya kituo cha nchi kavu yaliendelea kufanya kazi ya kupokea mawasiliano ya vyombo vya angani. Chombo cha Swift cha Marekani, kilichorushwa Novemba 2004 kuchunguza milipuko ya miale ya gama, kiliandaliwa kutuma data zake kupitia Malindi.

Waliopachagua Ngomeni walivutiwa na jambo moja kuu: ukaribu wake na ikweta. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na sehemu zilizo karibu na ikweta ndizo huzunguka kwa kasi kubwa zaidi. Ngomeni husafiri takriban mita 464 kila sekunde, sawa na kilomita 1,670 kwa saa. Roketi iliyoelekezwa mashariki ilipewa kasi hiyo bure kabla hata ya kuwasha moto, na mbele yake ilikuwa bahari tupu.

Kasi hiyo hiyo iliyokuwa zawadi kwa roketi huwa deni kwa fundi wa mawasiliano. Dishi lililofungwa kwa saruji kwenye ardhi ya Ngomeni linaonekana limetulia kuliko kitu chochote, kumbe linakimbia mashariki.

Tuchukue setilaiti ya mfano inayozunguka juu ya ikweta kuelekea mashariki, kwa urefu wa kilomita 600 na kasi ya kilomita 7.56 kwa sekunde, ikitoa mawimbi ya gigahezi 2.2. Inapochomoza upande wa magharibi haiji moja kwa moja dishini, bali inapita kimshazari, hivyo ni sehemu tu ya kasi yake inayohesabika. Jiometri inaonyesha kwamba sehemu hiyo hupatikana kwa kuzidisha kasi na nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,371, kisha kugawanya kwa umbali wa setilaiti kutoka kitovu cha dunia, kilomita 6,971. Jibu ni kilomita 6.91 kwa sekunde.

Fundi anayeamini kwamba dishi lake limetulia ataishia hapo, na atatarajia masafa yapande kwa hezi 50,700. Atakuwa amekosea. Setilaiti inalifukuza dishi linalokimbia upande ule ule, kama ambulensi inayolipita matatu kutoka nyuma. Lazima atoe zile kilomita 0.46 kwa sekunde za mzunguko wa dunia. Zinabaki kilomita 6.45, na badiliko la kweli ni hezi 47,300. Makosa yake ni hezi 3,400.

Badiliko hilo halitulii. Katika muda wa dakika kama 14 ambazo setilaiti inaonekana, hushuka kutoka hezi 47,300 juu ya masafa ya kawaida, likafika sifuri chombo kinapopita utosini, na kumalizikia hezi 47,300 chini yake. Mitambo ya kupokea hulazimika kuifuata sauti hiyo ya redio hatua kwa hatua, ama sivyo mawasiliano yakatike chombo kikiwa bado kinaonekana.

Hesabu inayosomwa kinyumenyume

Siku chache baada ya Wasovieti kurusha Sputnik mnamo Oktoba 4, 1957, wanasayansi wawili wa Marekani, William Guier na George Weiffenbach wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, walisikiliza mlio wa chombo hicho na kugundua kwamba kushuka kwa masafa yake kulitosha kuwaambia kilikuwa kikipita wapi. Mwaka uliofuata mwenzao, Frank McClure, aliligeuza swali: ikiwa njia ya setilaiti inajulikana, je, mtu aliye chini hawezi kujua alipo? Kutokana na swali hilo ulizaliwa mfumo wa Transit wa kuongoza meli, uliotangulia ule unaotumika leo kwenye simu za mkononi.

Baadaye wazo hilo lilielekezwa kwa watu walio hatarini. Mwaka 1979, Marekani, Kanada, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti zilikubaliana, katikati ya uhasama wa Vita Baridi, kuunda mfumo wa Cospas-Sarsat. Setilaiti ya kwanza ilirushwa Juni 30, 1982, na mnamo Septemba mwaka huo watu watatu waliookolewa kutoka kwenye ndege ndogo iliyoanguka Kanada wakawa wa kwanza kunufaika.

Aliye hatarini huwasha kifaa kidogo kinachotuma ishara kwa mawimbi ya megahezi 406. Setilaiti za mfumo huo wa awali hupita kwenye urefu wa kilomita 850 hivi, zikielekea karibu na ncha za dunia. Inapoibuka kwenye upeo wa macho, setilaiti huisikia ishara ikiwa imepanda kwa karibu hezi 8,900. Inapokuwa karibu kabisa, badiliko hukaribia sifuri. Kisha hushuka.

Wakati wa kuvuka huo unaeleza mashua iko mkabala na sehemu gani ya njia ya setilaiti. Ukali wa mteremko nao unaeleza mashua iko umbali gani kutoka kwenye njia hiyo. Aliyesimama ukingoni mwa barabara husikia king'ora kikianguka ghafla, ilhali aliye nyumbani, mbali ndani ya minazi, hukisikia kikishuka polepole. Kompyuta husoma mteremko huo na kukadiria umbali.

Tatizo ni kwamba umbali hauna upande. Aliye mita 200 kulia mwa barabara na aliye mita 200 kushoto husikia mteremko mmoja. Kadhalika setilaiti inayopita kutoka kusini hadi kaskazini, kilomita 300 nje ya Malindi, inaweza kuonyesha kwamba mashua iko kilomita 200 kutoka kwenye njia yake. Lakini ni upande wa magharibi, kilomita 100 tu kutoka ufuoni, au upande wa mashariki, kilomita 500 ndani ya Bahari Hindi? Sehemu zote mbili ni maji matupu. Kati yake kuna kilomita 400.

Kinachotoa jibu ni ule mwendo ambao fundi wetu aliusahau. Mashua, hata ikiwa imetulia tuli, inabebwa mashariki na dunia kwa mita 464 kwa sekunde. Ikiwa iko magharibi mwa njia ya setilaiti, dunia inaisogeza kuelekea kwenye njia hiyo, na masafa yanapanda kidogo. Ikiwa iko mashariki, dunia inaitenga, na masafa yanashuka. Kwa mfano huu wa kilomita 200, badiliko hilo hufikia hezi 160 hivi kwa kila upande setilaiti inapokuwa karibu kabisa.

Mtu makini anaweza kupinga kwamba kifaa cha bei nafuu hakitoi megahezi 406 kamili, na kwamba hezi 160 zinaweza kuwa kasoro yake tu. Pingamizi hilo lina uzito. Ila kasoro ya kifaa kilicho imara hubaki ile ile kwa dakika zote za mpito, ilhali athari ya mzunguko wa dunia hukua setilaiti inapokaribia na kufifia inapoondoka. Mchoro wa upande mmoja haulingani kabisa na wa upande wa pili. Ikiwa ishara ni dhaifu na tofauti haionekani, husubiriwa mpito mwingine: mahali pa kweli hujirudia, na pale pa uongo huhama.

Kusubiri kuna gharama yake. Mwendo wa mashua yenyewe hauisumbui sana hesabu ya Doppler, kwa kuwa kila mita moja kwa sekunde huleta badiliko lisilozidi hezi 1.4. Lakini mashua inayosukumwa kwa mita moja kwa sekunde huwa imehama kilomita 3.6 katika saa moja.

Uthabiti wa kifaa ndio uliofanya vile vya zamani vya megahezi 121.5 viachwe. Makadirio yake yangeweza kupotoka kwa kilomita 20 hivi, wakati vya 406 hulenga ndani ya kilomita 5. Duara la kilomita 5 lina eneo la kilomita mraba 79. La kilomita 20 lina 1,257. Setilaiti ziliacha kuzisikiliza ishara za 121.5 mnamo Februari 1, 2009, ingawa ndege za uokoaji bado huzitumia zikishakaribia mahali penyewe.

Siku hizi setilaiti za GPS, Galileo na Glonass, zilizo juu zaidi, nazo hubeba mitambo ya kupokea ishara hizo. Kwa kuwa kadhaa huonekana kwa wakati mmoja, hulinganishwa tofauti za masafa pamoja na tofauti za muda, na haja ya kusubiri mpito imepungua sana. Vifaa vingi vipya pia hutuma mahali vilipo moja kwa moja. Utafutaji na uokoaji katika bahari ya Kenya huratibiwa kutoka Mombasa.

Kwa mvuvi wa ngalawa au mashua ndogo wa Ngomeni, Mayungu au Takaungu, bei ya kifaa hicho bado ni mzigo, na wengi hutegemea simu ya mkononi ambayo mtandao wake hukatika punde ufuo unapofifia machoni. Mwenye nacho anahitaji kujua mambo mawili. Kwanza, kifaa kisajiliwe, ili ishara yake ieleze ni chombo cha nani. Pili, kikishawashwa kisizimwe kwa nia ya kuhifadhi betri. Hutuma mlio wa nusu sekunde tu, mara moja katika kila sekunde 50 hivi, na vile vya meli huundwa kudumu angalau saa 48. Setilaiti ya chini ikipita kwa dakika 15, haipati zaidi ya milio 18 ya kuchorea ule mteremko. Kikiwashwa kwa dakika mbili kisha kikazimwa, hubaki milio miwili au mitatu, na hesabu ya kuutofautisha upande wa magharibi na wa mashariki haiwezi kukamilika.